Daftari la Macalder: Nani Hulipia Siku ya Mwisho ya Mgodi?



Katika Kaunti ya Migori, mahali ambapo Mto Kuja huporomoka kabla ya kuingia tambarare ya Nyatike, kuna kituo kidogo cha umeme kiitwacho Gogo. Uwezo wake ni megawati 2 tu. Kilijengwa katika miaka ya 1950, na shabaha yake haikuwa kuviwashia taa vijiji vilivyokizunguka. Kilijengwa ili kuuendesha mgodi wa shaba na dhahabu wa Macalder. Mgodi huo ulifungwa mwaka 1966. Gogo ilibaki, ikarithiwa na taifa, na hadi leo imo katika orodha ya mitambo ya KenGen, pamoja na mafundi wake, bajeti yake na mtu wa kuulizwa inapoharibika. Pale Macalder penyewe mgodi uliacha urithi wa pili: mashimo, na marundo ya mchanga uliotokana na mawe yaliyosagwa na kukamuliwa madini. Urithi huu haukuandikwa kwenye daftari la mtu. Mvua inaponyesha juu ya marundo hayo na maji kuteremka kuelekea mtoni, mkazi wa Nyatike hajui amwendee nani. Wafanyabiashara wetu wana usemi kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Nitaomba tuutumie usemi huo kwa deni pia, kwa sababu deni lisiloandikwa hulipwa na yule aliye karibu nalo, hata kama hakukopa.

Hoja yangu ni moja. Gharama ya kufunga mgodi inapaswa kulipwa kabla ya mgodi kufunguliwa, fedha hizo zitunzwe mahali ambapo mwenye mgodi hawezi kuzigusa, na watu wa mto ulio chini ya mgodi wawe miongoni mwa wanaozisimamia. Sababu ya hoja hii si kwamba wenye migodi ni watu wabaya. Sababu ni ya kihesabu: mgodi hufungwa siku ambayo hauna fedha. Kama ungekuwa nazo, ungeendelea kuchimba. Kwa hiyo mpango wowote unaotegemea mgodi ulipie usafi wake mwishoni ni mpango unaomtegemea mdaiwa siku anapofilisika. Historia ya madini katika ufuo huu wa Nam Lolwe, yaani Ziwa Victoria, inalithibitisha jambo hilo tena na tena, na ni wakati mwafaka wa kulisema, kwa kuwa bei ya dhahabu imepanda na mashimo mapya yanapangwa huku madeni ya mashimo ya zamani hayajalipwa.

Tuanze na mawe yenyewe. Wanajiolojia waliipa miamba ya zamani zaidi ya sehemu hizi jina la eneo letu, wakaiita miamba ya Nyanzian. Ina umri unaozidi miaka bilioni 2.5, na ukoo wake unavuka mpaka hadi North Mara na Geita nchini Tanzania. Ndani yake dhahabu imekaa katika mishipa ya mawe meupe, mara nyingi ikiandamana na madini yenye salfa. Mwaka 1931 mlowezi Mmarekani aitwaye L. A. Johnson aliipata dhahabu hiyo katika bonde la Mto Yala, upande wa Kakamega. Muda si mrefu mamia ya Wazungu walikuwa wamepiga mahema katika mashamba ya watu, wengi wao wakulima walioangushwa na mdororo wa uchumi wa dunia na wakitafuta namna ya kuwalipa waliowadai. Wakati huohuo Uingereza ilikuwa imeacha kuifungamanisha fedha yake na dhahabu, mnamo Septemba 1931, na thamani ya dhahabu ikapanda. Mawe yale yalikuwa yamekaa chini ya mashamba hayo tangu kabla ya binadamu. Kilichobadilika mwaka 1931 kilikuwa bei na dhiki.

Kilichofuata ni sura ambayo kila mwanafunzi wa Nyanza na Magharibi anastahili kuijua. Mwaka 1930 serikali ya kikoloni ilikuwa imepitisha Sheria ya Amana ya Ardhi za Wenyeji, iliyoahidi kwamba ardhi ya hifadhi itabaki kwa manufaa ya wenyeji milele. Ikiwa kipande kingechukuliwa kwa matumizi ya umma, kipande kingine cha thamani ileile kilipaswa kutolewa badala yake, na baraza la wenyeji lilipaswa kushauriwa. Desemba 1932, dhahabu ikiwa imepatikana, sheria hiyo ilirekebishwa kwa haraka. Ardhi ya madini sasa iliweza kutolewa katika hifadhi kwa fidia ya fedha tu, bila kipande badala yake, na bila kulisikiliza baraza kwanza. Neno milele lilikuwa limedumu kwa takribani miaka miwili. Kelele zilipigwa hadi katika Bunge la Uingereza, na hapa kwetu Shemasi Mkuu (Archdeacon) Owen, aliyekuwa ameshiriki kukianzisha Chama cha Walipa Kodi cha Kavirondo, alikuwa miongoni mwa waliopinga. Huko Kavirondo ya Kaskazini, yaani upande wa Kakamega, hofu ya kupoteza ardhi ilichangia kuzaliwa kwa chama cha kisiasa cha North Kavirondo Central Association. Naikumbusha habari hii kwa sababu inaonyesha ugonjwa ambao haujapona: sheria nzuri iliyoandikwa kabla ya dhahabu kupatikana ilikunjwa mara dhahabu ilipoonekana. Ulinzi ulioandikwa kwenye karatasi tu uliondolewa kwa karatasi nyingine.

Mgodi mkubwa uliotokana na msukumo huo ulikuwa Rosterman, karibu na mji wa Kakamega. Ulizalisha dhahabu tangu 1935 hadi 1952, kiasi cha wakia 250,000 hivi. Kwa nini ulifungwa? Dunia ya baada ya vita ilikuwa imeifunga bei ya dhahabu kwenye dola 35 kwa wakia, huku mishahara, mafuta na vipuri vikipanda mwaka hadi mwaka. Mgodi uliobanwa baina ya bei isiyosonga na gharama zinazosonga hauna pa kupumulia. Leo jina Rosterman limebaki kuwa jina la mtaa wa Kakamega, na wachimbaji wadogo wameendelea kuteremka katika mashimo yaliyoachwa. Mgodi ulifungwa kwa kampuni. Kwa wakazi haukufungwa. Ulibadilisha wachimbaji tu, kutoka wenye mashine na taa kwenda wenye nyundo, kamba na tochi, katika ardhi ambayo tayari imetobolewa na ambayo ramani za chini yake hawakuachiwa.

Macalder ilifuata njia hiyohiyo, ikiwa na hatari zaidi. Katika miaka ya 1930 ilijulikana kwa dhahabu iliyokuwa karibu na uso wa ardhi. Chini ya dhahabu hiyo palikuwa na shaba, iliyofungamana na zinki, fedha, na wingi wa madini ya chuma na salfa. Tangu mapema miaka ya 1950 shaba hiyo ilichimbwa kwa mtaji wa Shirika la Maendeleo ya Makoloni la Uingereza, ule mfuko ulioundwa mwaka 1948 kwa matumaini kwamba makoloni yangesaidia kuuinua uchumi wa Uingereza uliochoshwa na vita. Kwa ajili ya kazi hiyo Gogo ikajengwa. Miaka mitatu baada ya Uhuru, mgodi ukafungwa. Zingatieni tarehe hiyo. Mwekezaji alikuwa shirika la dola iliyokuwa ikiondoka. Serikali iliyobaki ilikuwa changa, yenye shule na hospitali za kujenga. Na kaunti ya kuulizia haikuwepo. Hapakuwa na sheria iliyomlazimu yeyote kuweka akiba kwa ajili ya mabaki, na siku ya kufunga ilipofika, hapakuwa na akiba.

Wapo watakaosema kwamba marundo ya mchanga ni mchanga tu. Hapa ni lazima tuisikilize kemia. Mwamba wenye salfa ukiwa chini ardhini, mbali na hewa, hutulia kwa mamilioni ya miaka. Ukisagwa na kumwagwa juu, kila punje hukutana na hewa na maji ya mvua, na salfa hugeuka kuwa asidi. Asidi hiyo huyeyusha metali nyingine zilizomo, nazo husafiri na maji. Mchakato huo hauna haraka na haujui uhuru wa nchi wala mwisho wa leseni. Unaweza kuendelea kwa vizazi. Jirani yetu Uganda anao ushahidi. Mgodi wa shaba wa Kilembe, chini ya milima ya Rwenzori, ulianza uzalishaji mwaka 1956, reli ilipofika Kasese, na ukasimama mwanzoni mwa miaka ya 1980 baada ya miaka ya misukosuko ya siasa na ya bei. Uliacha rundo kubwa la mabaki yenye salfa na kobalti huko Kasese, na maji yaliyopita katika rundo hilo yaliua mimea hadi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Queen Elizabeth. Mwaka 2013 Mto Nyamwamba ulipofurika, ulipitia katika bonde lenye mabaki ya mgodi. Afrika Kusini nayo ilipata somo lake mwaka 2002, maji yenye asidi yalipoanza kububujika kutoka mashimo ya zamani ya dhahabu karibu na Krugersdorp, wakati ambapo wengi wa waliofaidi dhahabu hiyo hawakuwepo tena kulipa. Bonde la chini la Kuja, mnavyofahamu, ni bonde la mafuriko. Na mwaka 2020 maji ya Ziwa yalipanda kupita hata kiwango cha kihistoria cha 1964. Rundo lililoachwa bila ulinzi kwa hali ya hewa ya mwaka 1966 linanyeshewa na mvua za karne nyingine.

Juu ya urithi huo wa kale, umeongezeka mwingine. Bei ya dhahabu ilifunguliwa katika miaka ya 1970, na kwa miongo hii ya karibuni imepanda hadi maelfu ya dola kwa wakia. Maelfu ya watu wa Migori, Siaya, Kakamega na Vihiga wanaishi kwa uchimbaji mdogo: wanaume mashimoni, na wanawake wengi katika kuponda, kusaga na kuosha mawe. Dhahabu hunaswa kwa zebaki, ambayo hushikamana nayo na kuwa donge. Kisha donge huchomwa, zebaki ikapaa kama mvuke na dhahabu ikabaki. Mvuke huo huvutwa na aliyechoma na walio karibu naye, mara nyingi watoto wakiwemo, na hushambulia ubongo, neva na figo. Sehemu nyingine huteremka na maji. Huko chini, katika matope yasiyo na hewa, vijidudu huigeuza kuwa aina ya zebaki inayoingia katika viumbe na kujilimbikiza kutoka mdogo hadi mkubwa: kutoka kwenye mwani hadi omena, kutoka omena hadi mbuta, na kutoka mbuta hadi mezani. Wajapani wa mji wa wavuvi wa Minamata waliujua ukweli huo kwa gharama kubwa. Ugonjwa wao ulitambuliwa rasmi mwaka 1956, lakini serikali yao ilichukua hadi 1968 kukiri kwamba chanzo kilikuwa maji machafu ya kiwanda. Miaka 12 hiyo watu waliendelea kula samaki. Mkataba wa kimataifa wa zebaki umepewa jina la mji huo, na Kenya ni miongoni mwa nchi zilizouridhia. Lakini mkataba unafika Geneva na Nairobi upesi kuliko unavyofika kwenye machimbo ya Osiri Matanda huko Migori.

Mabaki ya kuoshwa kwa zebaki hayatupwi. Ng'ambo ya mpaka wachimbaji huyaita marudio, na jina hilo lina busara yake, maana kweli hurudiwa. Hununuliwa, hulowekwa katika matangi yenye sianidi, na dhahabu iliyobaki hutolewa. Kwa njia hii rundo la zamani hupata bei mpya na mwenyewe mpya kwa miezi michache, halafu huachwa tena likiwa na sumu iliyoongezwa. Hata marundo ya Macalder yamewahi kupimwa na makampuni yaliyotaka dhahabu iliyosalia. Watu husema kwamba huko ndiko kusafisha kwenyewe: mabaki yakichakatwa tena, yatajilipia. Hoja hiyo ina ukweli. Huko Kasese, rundo la Kilembe lilichakatwa kwa miaka mingi ili kutoa kobalti, na kazi hiyo ililipunguza. Lakini kazi ya namna hiyo huongozwa na bei ileile iliyoufunga mgodi. Kobalti ikishuka, usafi husimama. Mto hauwezi kusubiri soko la London au New York liamke vizuri.

Na mto wenyewe unakwenda wapi? Kuja na Yala zote zinaishia Ziwani. Kenya inamiliki karibu asilimia 6 tu ya uso wa Ziwa lenye kilomita za mraba 68,800 hivi, lakini sehemu hiyo ndogo ni pwani ya watu wengi sana, na Ziwa ni la kina kifupi, wastani wa mita 40, likiwa na mto mmoja tu wa kutoka, nao ni Nile. Kinachoingia hukaa. Ndiyo sababu siwezi kulizungumzia shimo la Nyatike kana kwamba ni suala la Nyatike peke yake. Mvuvi wa Dunga, mama anayekaanga ngege hapa Kisumu na mkazi wa Mwanza wote wana hisa katika kufungwa kwake, ijapokuwa hakuna aliyewahi kuwauzia hisa katika kufunguliwa kwake.

Sasa tutazame mbele. Upande wa Tanzania tunaona jinsi migodi mikubwa ya wazi ilivyo katika bonde hilihili. Geita ilianza kuzalisha mwaka 2000, na shimo lake kuu la Nyankanga limechimbwa hadi kazi ikahamia chini kwa chini. North Mara ilianza mwaka 2002. Mei 2009 maji yenye asidi yalivuja kutoka eneo la mgodi huo hadi Mto Tigithe, ambao maji yake huelekea Mto Mara na hatimaye Ziwani. Kampuni ilieleza kwamba utando wa plastiki wa kuzuia maji yasipenye ulikuwa umeibwa. Tuchukue maelezo hayo kama yalivyo, kwa maana yana funzo zito: ikiwa mgodi ulio hai, wenye walinzi, uzio na mapato, ulishindwa kuilinda plastiki yake, mgodi uliokufa utalindwa na nani? Upande wetu, mradi wa dhahabu wa Magharibi mwa Kenya, ambao Shanta Gold iliununua kutoka Barrick mwaka 2020, unahusu Isulu na Bushiangala huko Kakamega, ambako uchimbaji wa chini kwa chini umekusudiwa na mabishano juu ya kuhamishwa kwa familia yamekuwa makali. Unahusu pia Ramula huko Gem, Siaya, ambako dhahabu iko karibu na uso wa ardhi kiasi cha kuwafanya watu wazungumzie shimo la wazi. Ramula iko katika bonde la Yala, mto uleule wa Johnson wa mwaka 1931. Miaka karibu 100 baadaye tunaulizwa swali lile tena, na safari hii wanaojibu ni sisi.

Pingamizi la kwanza ni zito, na sitalikwepa. Watu ni maskini leo, na dhahabu iko leo. Nani ana haki ya kumwambia kijana wa Nyatike au wa Gem asubiri hadi hesabu za mwaka 2060 zipigwe? Jibu langu ni kwamba simwambii asubiri. Ninasema kwamba faida anayoahidiwa si faida mpaka gharama iondolewe. Akipata mshahara wa miaka 15 na kisha akapoteza kisima, samaki na mfereji wa kumwagilia kwa miaka 100, huyo ameuza mali yake kwa bei ya chini bila kuijua bei. Umaskini wenyewe unaipa hoja hii nguvu: tajiri aliyeharibiwa kisima hununua maji ya chupa au huhama. Maskini hubaki na mto alio nao. Ndiye asiyemudu kosa.

Pingamizi la pili husema kwamba mambo haya yalikuwa ya ukoloni, na sasa tuna sheria. Ni kweli, na tuipe sifa yake. Katiba ya 2010 imeyaweka madini yote chini ya umma. Sheria ya Madini ya 2016 imegawa mrabaha: asilimia 70 kwa serikali ya kitaifa, 20 kwa kaunti na 10 kwa jamii. Imedai mpango wa kufunga mgodi na dhamana ya mazingira. Imewatambua wachimbaji wadogo, ambao kwa miaka mingi walihesabiwa kama wahalifu. Mwaka 2019 Jopo la Kitaifa la Mazingira (National Environment Tribunal) lilifuta leseni ya mradi wa umeme wa makaa ya mawe wa Lamu kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo, jambo ambalo wazee wa Kavirondo mwaka 1932 wasingeweza hata kuliota. Lakini tazameni mgawo wa mrabaha: unagawa mapato yanayokuja mgodi ukiwa hai, na hukauka siku mgodi unapokufa, yaani siku ileile gharama zinapoanza. Na dhamana isiyojulikana kwa umma ni kiasi gani, iko benki gani na itafunguliwa kwa masharti gani, ina udhaifu uleule wa neno milele la 1930. Inaweza kukunjwa bila mtu kusikia mkunjo.

Pingamizi la tatu ni la wawekezaji: dhamana nzito italifukuza jembe lao, litakwenda kuchimba kwingine. Inawezekana baadhi wakaondoka. Lakini tujiulize ni wepi. Ni wale ambao hesabu zao zilikuwa na faida kwa sababu tu sisi tungelipia mwisho wake. Kuondoka kwa mtu wa namna hiyo si hasara. Ujerumani ni nchi ya viwanda kuliko sisi, na mashimo yake ya makaa ya mawe yanatupa mizani. Shimo la Hambach, lililofunguliwa mwaka 1978 na lenye kina cha karibu mita 400, linakaribia mwisho wa kuchimbwa, na mpango ni kulijaza maji ya Mto Rhine kwa miongo kadhaa hadi liwe ziwa. Kampuni iliyolichimba bado ipo, na inatarajiwa kulipa. Katika mashariki ya nchi hiyohiyo mambo yalikwenda vingine: dola iliyomiliki mashimo ya makaa ilitoweka mwaka 1990, na tangu hapo shirika la umma limetumia zaidi ya euro bilioni 10 za walipa kodi kuyarekebisha. Aliyechimba Macalder, vilevile, ilikuwa dola iliyokuwa ikiondoka. Tofauti ni kwamba sisi hatuna mabilioni hayo ya kulipia waliotoweka. Na tusiseme kwamba jambo hili halimudiki nchini mwetu. Huko Kwale, mgodi wa titani wa Base Titanium, uliochimba tangu 2013 hadi Desemba 2024, ulianza kurejesha ardhi na kupanda mimea wakati bado unachimba. Yamebaki maswali juu ya ardhi na mgawo wa jamii, na ni haki yaulizwe. Lakini imeonekana kwamba mgodi nchini Kenya unaweza kupanga tarehe yake ya mwisho mapema na kuanza kulipia mwisho huo kabla haujafika.

Pingamizi la nne linasema kwamba wachafuzi wa leo ni wachimbaji wadogo, na dhamana haiwagusi. Hapa hoja yangu inahitaji kupanuliwa, na nakiri kwamba mchimbaji mwenye karai na nyundo hawezi kuweka mamilioni benki. Lakini wanunuzi wa dhahabu wanaweza, na kila gramu hupita mikononi mwao. Ada ndogo kwa kila gramu, ikikusanywa na chama cha ushirika na kaunti kwa uwazi, inaweza kujenga vituo vya pamoja vya kusafisha dhahabu bila kuchoma zebaki wazi, na kufukia mashimo yaliyokwisha. Mchimbaji mdogo ataikubali ada hiyo akiona kinachofanywa nayo, maana yeye ndiye wa kwanza kufa shimo linapoporomoka. Desemba 2021 mgodi wa Abimbo huko Bondo uliwafukia wachimbaji, na familia moja ilisubiri miezi kabla ya kuupata mwili wa mtu wao. Mwenye kuwaita watu hawa wachafuzi, kisha asiwape njia nyingine, hajatatua lolote.

Nini basi kifanyike? Kabla ya leseni yoyote ya shimo la wazi katika mabonde ya Kuja, Yala na Nzoia kutolewa, gharama kamili ya kulifunga ikadiriwe na wataalamu wasiolipwa na mwombaji, nayo itangazwe kwa Kiswahili, Kiluo, Kiluhya na Kikuria katika baraza na redioni. Fedha ziwekwe katika mfuko wa amana kwa mafungu yanayotangulia uchimbaji, ili wakati wowote mgodi ukisimama, ghafla au kwa mpango, kilichomo kitoshe shimo lililokwisha kuchimbwa. Katika bodi ya mfuko huo wakae wawakilishi wa walio chini ya mto, wakiwemo wanaoishi kwa uvuvi, pamoja na wa kijiji kilichobeba mgodi. Kisha deni la kale liandikwe: serikali ya kitaifa, iliyorithi Gogo, ikubali pia kuurithi mchanga wa Macalder, iupime, iuzungushie kinga na kuutenga na maji. Huwezi kurithi mtambo ukaukana uchafu wa mgodi uliojengewa mtambo huo.

Nilianza na Gogo, na ningependa nyote muondoke nayo. Katika kila kitu kilichojengwa kwa ajili ya Macalder, kilichodumu kwa manufaa kilikuwa mtambo uliotegemea maji yanayotiririka, kwa kuwa mtu alilikubali jukumu la kuutunza. Kilichodumu kwa madhara kilikuwa kile ambacho hakuna aliyelikubali jukumu lake. Shaba yote iliyotoka pale ilikwisha kuuzwa kabla ya wengi wenu kuzaliwa. Basi siku mtakapoalikwa kwenye mkutano wa hadhara kuhusu Ramula, au kuhusu shimo jingine lolote, msiulize kwanza litaajiri watu wangapi. Ulizeni siku litakapofungwa litatuachia Gogo au litatuachia rundo, na rundo hilo jina la nani litaandikwa juu yake. Kisha msiondoke mkutanoni kabla jina hilo halijaandikwa.